Kaseti Iliyoishia Kabla ya Piano

Baba mdogo alikuwa baharia. Kila aliporudi Tanga alishuka na begi moja la nguo na mfuko mmoja wa kaseti, na sisi watoto tulishajua kipi kina thamani. Nguo zilikuwa za watu wazima. Kaseti zilikuwa za nyumba nzima.

Moja ilikuwa nyeusi, ya dakika 60, thelathini kila upande. Kwenye karatasi yake alikuwa ameandika kwa wino wa bluu, herufi kubwa: LAILA. Hakuinunua dukani. Alirekodi mwenyewe melini, kutoka kwenye santuri ya baharia mwenzake, na wimbo wenye jina hilo ulikuwa wa mwisho upande wa kwanza. Gitaa linaanza kwa kishindo, mwanaume anaita jina la mwanamke, anaomba, sauti inampasuka. Kisha magitaa yanapanda juu, juu kabisa, na hapohapo, tak! Kitufe cha redio kinaruka. Upande umekwisha.

Kiingereza sikuwa nacho wakati huo, lakini baba mdogo alitusimulia kisa cha Laila na Majnun, na watoto wa pwani hawahitaji kuelezwa mara mbili Majnun ni nani. Ni yule aliyependa mpaka akili ikamruka. Kwa hiyo nikaona wimbo umeisha inavyostahili: mtu analia, halafu anakatwa kauli. Kwa miaka mingi, mwisho wa wimbo ule kwangu ulikuwa ile tak.

Filamu ya Goodfellas nilikuja kuiona nikiwa mtu mzima, Dar es Salaam, kwenye kompyuta ya rafiki niliyepanga naye chumba Temeke. Kuna sehemu ambapo wahalifu walioiba mamilioni ya dola uwanja wa ndege wanaanza kuokotwa wakiwa maiti, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu mkubwa wao ameamua hataki shahidi wala mgao. Watoto wanalisogelea gari la rangi ya waridi, ndani yake mume na mke wameuawa. Lori la taka linamwaga maiti pamoja na uchafu. Mwingine yuko ndani ya lori la nyama, ananing'inia kwenye baridi, ameganda kiasi kwamba msimulizi anasema ilichukua siku mbili kumyeyusha ili wampasue. Na juu ya picha zote hizo, piano. Piano tamu, ya taratibu, isiyo na haraka na mtu, na nyuma yake gitaa linateleza kama linalia kwa furaha.

Nikamuuliza rafiki yangu, hii ni nini? Akasema, Layla. Nikambishia. Layla naijua tangu nina miaka tisa, haina piano. Hakujibu, akanitafutia wimbo mzima na kunivalisha spika za masikioni. Dakika tatu za kwanza nilizijua kila pumzi. Pale pa tak nikajikuta nimeshika meza. Haikuja. Ikaja piano, na ikaendelea kwa karibu dakika nne.

Nikaanza kufuatilia. Wimbo ni wa kundi la Derek and the Dominos, ambalo Derek wake ni Eric Clapton. Ulirekodiwa Miami mwaka 1970, na Duane Allman ndiye anayetelezesha lile gitaa la pili. Clapton alikuwa amempenda Pattie Boyd, mke wa rafiki yake George Harrison wa The Beatles, na jina alilichukua kwenye kisa cha Laila na Majnun kama alivyokiandika Nizami, mshairi wa Uajemi wa karne ya 12. Baba mdogo hakuwa anabahatisha hata kidogo. Na piano ile imeandikwa kwa jina la Jim Gordon, mpiga ngoma wa kundi, ambaye ametajwa kama mtunzi mwenza. Ilirekodiwa baadaye, kivyake, halafu ikaungwa na sehemu ya kwanza. Maana yake wimbo wenyewe ni kazi ya kuunga vipande. Mimi nahariri video, ndiyo riziki yangu, na siku nilipolijua hilo nilisimama nikazunguka chumbani.

Mwongozaji wa filamu, Martin Scorsese, hakusubiri kufika mezani kwa mhariri ndipo atafute wimbo. Aliupiga palepale wakati wa kurekodi, kamera ikatembea kwa kuifuata piano. Ndiyo maana kamera inateremka juu ya lile gari la waridi polepole, bila kushtuka, kama inayojua njia. Na hapa ndipo nilipoelewa jambo ambalo nimelishikilia mpaka leo. Filamu haipigi sehemu ya kwanza ya Layla hata kidogo, ile ya kulia na kuomba. Inapiga mwisho tu. Lakini anayeujua wimbo anayo sehemu ya kwanza kichwani, hawezi kuitoa. Anaona maiti, anasikia piano, na chini ya piano kuna kilio ambacho hakuna mtu amekipiga. Mwongozaji analeta nusu, mtazamaji analeta nusu yake. Muziki uliotungwa kwa ajili ya filamu unaweza kuwa mzuri kupita kiasi, lakini siku ya kwanza unapousikia hauna kumbukumbu yako ndani yake. Wimbo wa zamani unakuja nao umeshaishi nyumbani kwako.

Kazi yangu kubwa ni harusi. Send-off, kitchen party, harusi yenyewe, wakati mwingine kipaimara. Bwana harusi anakuja na nyimbo zake kwenye fleshi, wazazi wanakuja na zao, na mimi napanga. Zamani nilikuwa nautandaza wimbo juu ya picha kama mtu anayetandika shuka, kona hadi kona. Picha inapendeza, wimbo unapendeza, na ukiangalia jumla yake hakuna kitu. Sikuwa najiuliza swali moja dogo: huu wimbo unatoka wapi? Nani anausikia?

Swali hilo nilifundishwa na filamu nyingine, American Graffiti ya George Lucas, iliyotoka mwaka 1973. Inahusu usiku mmoja wa mwaka 1962 katika mji wa Modesto, California. Vijana wamemaliza shule, wanazunguka barabarani na magari yao mpaka kunakucha. Kila gari limefungulia redio, na kila redio iko kwenye stesheni moja, ya mtangazaji Wolfman Jack, ambaye alikuwa mtangazaji kweli na kwenye filamu anajiigiza mwenyewe. Filamu karibu yote imejengwa juu ya nyimbo za rock and roll za miaka hiyo. Zipo nyingi kiasi kwamba albamu iliyotolewa baadaye ilikuwa na nyimbo 41. Muziki wa okestra wa kutungwa haumo.

Sasa fikiria tatizo la mhariri. Ukiuweka wimbo wa santuri ulivyo, safi, chini ya filamu nzima, baada ya dakika ishirini mtazamaji amechoka, hasikii tena wahusika wanasema nini. Walter Murch, aliyeshughulikia sauti, alitengeneza kwanza kipindi cha redio kizima, cha saa kama mbili, Wolfman Jack anaongea katikati ya nyimbo. Kisha yeye na Lucas wakakipeleka nje, uani kwa mtu. Mmoja alishika spika inayopiga kile kipindi, mwingine akasimama kama mita 15 hivi na maiki, anarekodi upya. Na hawakutulia. Mwenye spika anaigeuza taratibu huku na huku, mwenye maiki naye anaigeuza kivyake. Kwa hiyo sauti mara inakuja usoni, mara inapiga ukuta na kurudi, mara inapotea kidogo kama gari limekata kona. Wakarudia tena na tena, kisha Murch mezani akawa na kipindi kisafi pamoja na kile kilichopigwa na upepo, anachanganya anavyotaka. Wahusika wakitaka kuongea, wimbo unarudi nyuma mtaani. Wakinyamaza, unasogea hadi ndani ya gari. Mbinu hiyo aliipa jina lenye maana ya kuitia sauti dunia ndani yake.

Nilijaribu. Vijana fulani wa Mbagala waliniletea filamu yao fupi niihariri, na ndani yake kuna sehemu ya kibanda cha chipsi, redio inapiga wimbo wakati wawili wanaachana. Niliuweka wimbo moja kwa moja, ukakaa juu ya picha kama stika. Basi nikachukua spika yangu ndogo, nikamwomba jirani aishike amesimama karibu na tanki la maji. Mimi nikaenda upande wa pili wa uwanja, kama hatua ishirini, simu mkononi inarekodi. Nikamwambia ageuke polepole, kama feni ya mezani. Na mimi nikageuka. Mara ya kwanza jogoo alituharibia. Mara ya pili mke wa jirani alikuwa anakwangua sufuria la ugali. Nilipofika mezani nikasikiliza zote, na ile yenye sufuria ndiyo niliyotumia. Wimbo ulikuwa umepungua besi, umepata bati, umepata umbali. Ulikuwa unatoka kwenye kibanda cha chipsi. Yule binti anapogeuka kuondoka, nikaupunguza wimbo safi na kuacha ule wa uani peke yake, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii niliona picha niliyoihariri ikaniuma.

Ni lazima niseme na habari ya pesa, maana nyimbo hizi si za bure na huo ndio ukuta ambao watu wengi wanaupiga kichwa. Lucas alikuwa na bajeti ndogo. Studio ilizipa kampuni zote za muziki ofa moja, kiasi kilekile kwa kila mmoja. Nyingi zilikubali, RCA, kampuni yenye rekodi za Elvis, haikukubali, na ndiyo maana unaangalia usiku mzima wa rock and roll wa mwaka 1962 na humsikii Elvis Presley hata mara moja. Haki zote zilikula kama dola 90,000, na ya kulipa okestra haikubaki. Ukiisifu filamu kwa kukosa okestra, kumbuka na hilo.

Halafu haki zenyewe ni mbili. Kuna haki ya utunzi, yaani maneno na melodia ya wimbo, na kuna haki ya rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa studio siku fulani na mtu fulani. Unaweza kupata moja ukakosa nyingine. Easy Rider ya mwaka 1969, filamu ya wale jamaa wawili wa pikipiki, inaonyesha vizuri. Mhariri wake, Donn Cambern, alipokuwa anaunga picha za barabarani aliweka santuri zake mwenyewe za nyumbani ili apate mwendo wa kukatia. Dennis Hopper, mwongozaji, na wenzake wakazizoea, wakaona hakuna muziki mpya utakaozishinda, zikabaki. Lakini Bob Dylan hakutaka rekodi yake ya It's Alright, Ma itumike, hivyo utunzi ni wake na anayeimba ni Roger McGuinn wa The Byrds. Kwa wimbo wa kufungia filamu, Dylan aliandika mistari michache kwenye karatasi ya kujifutia mikono, akasema apelekewe McGuinn aumalizie, na akaomba jina lake lisiwekwe. Na The Weight, wimbo wa kundi la The Band, unausikia kwenye filamu, lakini ukinunua albamu ya filamu hiyohiyo unakuta wimbo umeimbwa na kundi jingine, Smith, kwa sababu ruhusa ya rekodi kwa ajili ya santuri haikupatikana.

Mimi ukuta huo niliugonga kwa harusi. Maharusi walitaka wimbo wa The Eagles wakati wa kuingia ukumbini, nikauweka, video ikapandishwa mtandaoni, na kesho yake sauti yote ilikuwa imezimwa. Yote. Pamoja na dua ya bibi yake bi harusi, ambayo ilikuwa dakika moja tu baada ya wimbo, na bibi huyo alikuwa ameshazeeka sana. Nilikuwa na nakala ya asili, niliwarudishia, lakini ndugu walioko Muscat walikuwa wameshaangalia harusi ya bubu. Tangu siku hiyo huwa nawaeleza wateja mapema, na wimbo wa watu naupa njia yake peke yake, haugusani na sauti ya mtu anayeongea.

Njia nzuri zaidi niliyowahi kuona ya kukwepa ukuta huu ni ya Cameron Crowe, kwenye Almost Famous ya mwaka 2000. Crowe alikuwa mwandishi wa muziki tangu kijana mdogo, na kundi la Led Zeppelin lilimkubalia nyimbo kadhaa baada ya kuwaonyesha filamu. Stairway to Heaven, wimbo wao mwingine, haikuwemo. Yeye alikuwa amesharekodi sehemu nzima ambamo kijana anamwekea mama yake wimbo huo ausikilize mpaka mwisho, ili amruhusu kusafiri na wanamuziki. Sehemu hiyo ikawekwa kwenye DVD bila wimbo. Mtazamaji anaambiwa lini aanzishe nakala yake mwenyewe, iliyoko nyumbani kwake. Unakaa unatazama familia inasikiliza kimya, na muziki unatoka kwenye redio yako. Ile nusu ya mtazamaji niliyoisema mwanzo, hapa imekuwa kitu cha kushika mkononi.

Kuna mahali hoja yangu inapata tabu, na sitaki kupaficha. Kwenye Goodfellas kuna ile siku ya mwisho, Jumapili ya tarehe 11 Mei 1980, Henry Hill, yule msimulizi, amejaa kokeini, anaendesha gari huku helikopta inamfuata, nyumbani mchuzi wa nyama uko jikoni, bunduki ziko kwenye buti. Nyimbo zinakatwa na kurushwa: Harry Nilsson, The Who, The Rolling Stones, Muddy Waters, kisha Nilsson tena. Hakuna redio inayopiga hivyo. Hakuna anayezisikia mle ndani. Sasa zinatoka wapi? Kwa mtindo wangu wa uani hizo zingekuwa kosa. Lakini si kosa, ni kazi bora kabisa ya Thelma Schoonmaker, mhariri wake. Nimeitazama nikisimamisha kila mkato, na jibu nililolipata ni kwamba zinatoka kichwani mwa Henry. Scorsese alijiwekea sharti kwamba wimbo wowote anaoutumia uwe umeshatoka wakati wa tukio, uweze kuwa umesikika mtaani kwa wale watu. Kwa hiyo Henry amezisikia zote, kwenye baa, kwenye gari, miaka yote hiyo, na siku akili inapochemka zinamrudia vipande vipande. (Katikati yake kuna na What Is Life ya George Harrison, mwenye mke. Clapton na Harrison wote wawili wamo ndani ya filamu moja.)

Kinachonikera ni wimbo kutumiwa kama bango la barabarani. Fortunate Son ya Creedence Clearwater Revival, ya mwaka 1969, ilipopigwa kwenye Forrest Gump wakati helikopta inaingia Vietnam, ilikuwa na maana: John Fogerty aliuandika kwa hasira juu ya watoto wa wakubwa wasiokwenda vitani, na Forrest si mtoto wa mkubwa. Siku hizi helikopta ikionekana tu juu ya miti, gitaa lile linaanza. Wimbo wa hasira umegeuzwa kuwa kibao cha kuonyesha mahali. Huo ni uvivu, na aliyeuandika alistahili zaidi.

Na ninachokipenda kuliko vyote ni kitu kidogo kama kaseti ndani ya gari. Wayne's World, mwaka 1992: vijana watano wamebanana kwenye gari dogo la bluu, mmoja anatumbukiza kaseti, ni Bohemian Rhapsody ya Queen. Wanaimba sehemu za opera kwa kugawana, wanasubiri, wanajua gitaa linakuja, na linapokuja vichwa vyote vinaanza kutikiswa. Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, alikuwa amefariki Novemba iliyotangulia. Wimbo wa mwaka 1975 ukapanda tena Marekani mpaka nafasi ya pili. Nimeiona sehemu hiyo mara nyingi sana, na kila mara ninachokiangalia ni zile sekunde za kusubiri. Wale vijana wanafanya kile tulichokuwa tunafanya sebuleni Tanga, isipokuwa sisi tulikuwa tunasubiri tak.

Mwaka jana nilikwenda kumsalimia baba mdogo. Bahari aliiacha siku nyingi, miguu haimbebi vizuri, masikio bado yapo. Baada ya chakula nikafungua kompyuta nikamwekea ile sehemu ya Goodfellas, bila kumwambia kitu. Aliangalia gari la waridi, akaangalia lori la nyama, hakusema neno. Nikamwambia, "Baba mdogo, hii ni Laila. Mimi nimekua sijui kama ina piano."

"Ilikuwapo, mwanangu," akasema. "Kwenye santuri ilikuwapo yote. Kaseti ndiyo haikutosha."

Nikamuuliza kwa nini hakuirekodi upande wa pili, penye nafasi. Akasema santuri haikuwa yake, na mwenyewe alishuka bandari iliyofuata. Kisha akaniambia nifunge picha niache sauti, wimbo wote, tangu mwanzo. Nikaweka. Akashika fimbo yake, akainuka, akaelekea mlangoni. Nikadhani hakupenda.

"Unakwenda wapi, baba mdogo? Si ndiyo kwanza unaanza?"

"Nakaa barazani. Kule melini nilikuwa nausikia kutoka chumba cha pili."

Nikaisogeza kompyuta juu ya kabati, nikairudisha pazia la mlango mahali pake, nikatoka kukaa naye.